Mafuta Aliyoyaleta Matimbwa

Jina la Kandida alilipata alipobatizwa, akiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Jina alilopewa na wazazi wake hakupenda litajwe tena, na waliolijua wamekwisha kufa, kwa hiyo nitamwita Kandida tangu mwanzo. Alikuwa dada mkubwa wa bibi yangu. Mengine ya habari hii niliyasikia kwa bibi, mengine kwa Kandida mwenyewe, naye alikuwa akiyasema taratibu, huku mikono yake ikichambua mchele.

Wakati huo Ifakara ilikuwa chini ya Mjerumani, ingawa Mjerumani mwenyewe alionekana kwa nadra. Boma lake lilikuwa Mahenge, juu milimani, ng'ambo ya mto Kilombero. Waliotujia kila siku walikuwa akida na askari wake. Kulikuwa na shamba la pamba ambalo kila nyumba ilipaswa kwenda kulilima hata kama mpunga wake mwenyewe unaliwa na ndege, na asiyetokea alichapwa viboko mbele ya wanawe. Baba yake Kandida alikuwa mvuvi. Alipewa viboko kama wengine, akarudi akakaa siku kadhaa bila kuegemea ukuta.

Matimbwa alikuwa mvushaji mtoni. Alivusha watu na mizigo kwa mtumbwi, na viboko wa majini aliwajua mmoja mmoja, yule wa kuogopwa na yule wa kupitwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na ukimuuliza jambo alinyamaza kwanza, hata kama umemuuliza tu amekula au bado. Kandida alimpenda kwa hilo. Posa ilipelekwa, ikakubaliwa, na harusi ikapangwa baada ya mavuno. Lakini mavuno hayajafika, akida akakamata vijana wa kubeba nta na mpira kupeleka pwani, na Matimbwa akawa mmoja wao.

Alikaa huko muda mrefu mpaka watu wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Alirudi mvua za kwanza zimeanza, amekonda, mabega yake yamechubuka yakapona na kuchubuka tena. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwa akina Kandida, akawaamkia wazee, akakaa chini. Kandida alikuwa ndani na shangazi yake, dada wa baba, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kumfunda. Walisikia kila neno kupitia ukuta wa matete.

“Habari za safari, baba?” aliuliza baba yake Kandida.

“Nimerudi,” alisema Matimbwa. Kisha baada ya kimya chake akasimulia kuhusu mpagazi mmoja aliyetupa mzigo akakimbia. Askari alipiga goti, akalenga. “Alikuwa mbali, mzee, mbali kama kutoka hapa mpaka ng'ambo ya mto. Alianguka kabla sisi hatujasikia mlio. Tulipomfikia, tundu la mbele lilikuwa dogo kama punje. Mgongoni ungeweza kutia ngumi.”



Baadaye shangazi alimruhusu Kandida atoke, nao wakakaa barazani watatu. Matimbwa alifungua pindo la nguo yake, akatoa kichupa kidogo kama kidole gumba, kimezibwa kwa kizibo cha kioo na kuzungushiwa nta. Alikibeba hivyo tangu Dar es Salaam. Alipokifungua, harufu ilijaa baraza yote, na jirani aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga akauliza kuna nini.

“Mhindi mwenye duka aliniambia ni mafuta ya mawaridi,” alisema. “Tone moja linatosha. Ya kukupaka siku ya harusi.”

“Waridi ni nini?” Kandida aliuliza.

“Ni ua.”

“Likoje?”

Alinyamaza. “Sikuliona. Nimeona mafuta yake tu.”

Kandida alicheka, akakipokea kichupa kwa mikono miwili.

Harusi ilisogezwa hadi mavuno yaliyofuata, kwa sababu mahari ilikuwa haijakamilika. Lakini shangazi hakutaka kungoja kumwandaa. Alisema ngozi ya bibi harusi haitengenezwi kwa siku moja. Basi akaanza kumkanda kwa mafuta ya nyonyo, na ndani yake akatia matone ya mafuta ya mawaridi. Alimpaka shingoni, nyuma ya masikio, kifuani, na kwenye maungio ya viwiko. Wasichana wenzake walikuja kumnusa shingo wakicheka, na mdogo wake, yaani bibi yangu, alilala amejibana naye ili naye anukie.

Ilianza kwa muwasho. Kandida alidhani ni upupu wa porini. Kisha vikatokea vipele vidogo shingoni, vyenye maji ndani, na alipovikuna vikapasuka vikaloanisha nguo. Macho yakavimba mpaka asubuhi moja hakuweza kuyafungua. Shangazi akasema ni jasho, akaongeza mafuta ili kuilainisha ngozi. Vipele vikashuka kifuani na mikononi. Palipokauka ngozi ikawa ngumu, ikachanika, ikaacha mabaka meusi yenye magamba.

Aliyelitaja neno ukoma kwanza hakujulikana. Lilisemwa kisimani, likafika nyumbani kwa akina Matimbwa kabla halijafika kwao. Mama yake Matimbwa alikuja kumwona. Alikuwa mjane, na Matimbwa alikuwa mwanawe pekee aliyebaki kati ya wanne. Hakuingia ndani. Alisimama uani akamwangalia Kandida kwa muda, akasema, “Pole, mwanangu,” akageuka akaondoka. Siku iliyofuata alimtuma mtu kusema kwamba posa imekwisha, na mahari iliyotolewa hawaidai.

Enzi hizo mwenye ukoma hakukaa na watu. Baba yake Kandida alimjengea kibanda ng'ambo ya kijito, kwenye mashamba ya mpunga ya njia ya Idete. Alikijenga peke yake, bila kuomba msaada wa mtu. Bibi yangu alikumbuka kwamba baba yao alipomaliza kuezeka hakushuka upesi. Alikaa juu ya paa akitazama upande mwingine.

“Shangazi,” Kandida alisema siku ya kuhamishwa, “mwenye ukoma hushika chungu cha moto asijue. Mimi hata unyasi ukinigusa nausikia. Kunawasha mpaka nalia.”

“Labda ndivyo unavyoanza, mwanangu,” alisema shangazi. Naye alikuwa analia. Alimfungia vitu vyake katika mkeka: chungu, kata ya maji, mafuta ya nyonyo, na kile kichupa.

Kule kibandani Kandida aliendelea kujipaka. Vidonda vilikuwa na harufu, naye alikuwa msichana ambaye watu walikuwa wakimnusa shingo. Kila alipomaliza kuoga alitia tone moja kiganjani, akalichanganya na mafuta ya nyonyo, akajipaka pale palipochanika zaidi. Palikuwa pakiungua. Alisema alikuwa akivumilia, kwa kuwa dawa inayounguza ndiyo watu huiamini.

Matimbwa hakukubali posa ivunjwe. Aligombana na mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Kila alipomaliza kazi mtoni alikuja mpaka ukingo wa kijito akakaa kwenye nyasi, Kandida akakaa mlangoni mwa kibanda, nao wakazungumza kwa kupaza sauti.

“Nivuke?” alikuwa akiuliza.

“Usivuke.”

“Yale mafuta bado unapaka?”

“Napaka. Ndiyo kitu pekee kinachonukia vizuri huku.”

Alifurahi kusikia hivyo. Kandida aliona hata kwa mbali kwamba alifurahi.

Siku moja hakuuliza. Alivuka maji yakimfika magotini, akaja akakaa karibu naye, akaushika mkono wake ulioharibika akauweka juu ya goti lake. Kandida alijaribu kuutoa. Hakuuachia. Walikaa hivyo mpaka ndege wa mpunga walipoanza kurudi kwenye matete, na wala hawakuzungumza.

Mavuno yalipita. Maji ya mto yakapungua, na katika kiangazi hicho akaja hongo. Ndivyo walivyoitwa wajumbe waliopita wakigawa dawa ya maji. Huyu wetu alitoka upande wa mashariki, amevaa nguo nyeusi, anasema polepole kama mtu asiye na wasiwasi. Alisema kuna maji yenye nguvu kuliko bunduki. Atakayeyanywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani itamdondoka mwilini kama tone la mvua. Pamba itakwisha. Viboko vitakwisha. Aliweka na masharti. Mwanamume asimguse mwanamke mpaka vita viishe. Asiibe. Na chochote cha madukani, kilicholetwa na wageni, kisiuguse mwili: sabuni, marashi, mafuta ya pwani.

Watu walimsikiliza kwa njaa ya kusikia. Lakini Matimbwa alisimama.

“Mzee, samahani,” alisema. “Mimi nimeona mtu akipigwa risasi. Sikusimuliwa. Hayo maji yanaizuiaje?”

Baadhi ya wanaume walimzomea. Hongo hakukasirika. Alisema, “Asiyeamini asiyaguse. Maji hayamlazimishi mtu.” Matimbwa akakaa, na vijana kadhaa waliokuwa wakimheshimu nao wakasita. Walijua kwamba ndiye aliyefika mbali kuliko wao wote.

Shangazi yake Kandida hakuwa akifikiria vita. Alimfuata hongo kando, akapiga magoti, akamwomba maji kwa ajili ya mwanawe mgonjwa. Akapewa kibuyu kidogo. Alikipeleka kibandani, akamweleza Kandida masharti yote: aoge kwa maji ya mto matupu, ajinyunyizie dawa hii, asijipake kitu kingine.

“Hata mafuta ya nyonyo?”

“Hata hayo, maana umeyachanganya. Kile kichupa kitupe.”

Kandida alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Shangazi alipoondoka, alikichomeka kichupa kwenye nyasi za paa. Hakutaka kukitupa kitu alichobebewa kutoka mbali vile. Lakini hakujipaka.

Muwasho ulipoa kwanza. Kisha vidonda vikaacha kutoa maji. Macho yakarudi katika hali yake. Magamba yakadondoka yenyewe wakati wa kuoga, na chini yake ngozi ikawa laini, nyepesi kama ya mtoto, halafu nayo ikaanza kukolea rangi. Kabla mwezi haujatimia, Kandida alitazama mikono yake mwangani akaona imebaki mabaka ya kufifia tu.

Alivuka kijito kwa miguu yake, akaingia kijijini.

Bibi yangu alisema watu waliacha kazi zao wakasogea kumtazama. Baadaye wakaanza kumgusa, kwanza wanawake, halafu wote. Mama yake Matimbwa alitoka nyumbani kwake mbio, mtu mzima yule, akamshika Kandida mashavu kwa viganja viwili, akamgeuza huku na huku.

“Nisamehe, mkwe wangu,” alisema. “Nisamehe.”

“Shikamoo, mama,” alisema Kandida.

Hongo alikuwa bado hajaondoka. Alimwita Kandida asimame mbele ya watu, akainua mkono wake. Hakusema mengi. Aliuliza tu, “Mlimjua alivyokuwa?” Watu wakajibu ndiyo. “Amepakwa nini?” Wakajibu kwa pamoja, maji.

Matimbwa alikuwa amesimama nyuma. Alikuja mbele akauangalia mkono ule, mkono alioushika kule kibandani ukiwa umechanika, akapitisha kidole chake polepole kutoka kiwikoni mpaka kiganjani. Alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akamgeukia hongo, akainamisha kichwa anyunyiziwe. Wale vijana waliokuwa wakisita wakajipanga nyuma yake.

Walizungumza mara moja tu kabla hajaondoka, yeye na Kandida, wamesimama mbali kidogo kwa sababu ya masharti. Matimbwa alikuwa na mkuki wa baba yake na kipande cha bua la mtama kichwani kama wengine walionyunyiziwa.

“Yule mpagazi nilimwona,” alisema. “Lakini na wewe nimekuona.”

Kandida alikuwa na furaha ambayo haikumpa nafasi ya kuogopa. Alisema, “Kama yameniponya mimi, yatakulinda wewe. Nenda urudi tuoane.”

Maneno hayo aliniambia mimi akiwa na umri wa kikongwe, na aliyasema akiangalia ungo.

Wanaume wa bondeni walivuka mto, wakaungana na Wapogoro wa milimani, wakaenda Mahenge. Wanawake walibaki. Kandida alihamia kwa mama yake Matimbwa, wakawa wanatwanga pamoja na kusuka mkeka wa harusi. Siku zilipita. Kisha wanaume wakaanza kurudi mmoja mmoja, si kwa njia kuu bali kupitia kwenye matete. Jirani yao mmoja, Lyoto, alirudi mkono wake wa kulia umevunjwa juu ya kiwiko na unaning'inia. Aliletwa kwa mama yake Matimbwa kwa sababu ndiye aliyejua kufunga mifupa.

Lyoto alimweleza huyo mama wakati akifungwa mkono.

“Tulikuwa wengi, mama. Tulikwenda tumesimama wima, tunaita maji, maji. Kule bomani wana bunduki moja inayopiga bila kupumua. Waliokuwa mbele walianguka pamoja kama mpunga uliofyekwa.”

“Na mwanangu?”

“Alikuwa mbele.”

Mama yake Matimbwa aliendelea kufunga. “Kwa nini alikuwa mbele? Hakuwa mtu wa kutangulia.”

Lyoto alimtazama Kandida, kisha akaangalia chini. “Tulipokuwa tunapanda mlima, wengine waliingiwa na hofu, wakataka kurudi. Matimbwa aliwaambia msiogope. Aliwaambia, mimi ndiye niliyebisha kuliko ninyi, lakini mchumba wangu alikuwa na ukoma na sasa ngozi yake ni safi, nimeigusa kwa mkono huu. Wakamwamini. Baada ya hapo asingeweza kukaa nyuma.”

Kandida alitoka nje. Bibi yangu alimkuta ameukumbatia mchi wa kinu cha kutwangia, mdomo wazi, na hakuna sauti iliyokuwa ikitoka.

Hawakupata hata kuomboleza vizuri. Askari walishuka bondeni wakichoma nyumba na maghala. Mpunga wa mwaka mzima uliungua kwa siku moja, na moshi wake ulinukia kama chakula, mpaka watoto wakaanza kulia wakidai kula. Watu walikimbilia kwenye matete na visiwa vya mtoni. Kandida alikimbia na mama yake Matimbwa, na kitu pekee alichorudi kukichukua ni kile kichupa kilichokuwa kwenye nyasi za kibanda.

Huko mafichoni, asubuhi moja, alikifungua. Hakuwa na nguo ya Matimbwa, wala kaburi lake. Alitaka kuisikia harufu ile ya siku aliyorudi kutoka pwani. Alitia tone shingoni na jingine mkononi, akakaa amefumba macho.

Kesho yake shingo ilikuwa inawasha.

Kesho kutwa yake vilitokea vipele, vile vile, vyenye maji. Mwanzoni alidhani ukoma umerudi kwa sababu maji yameshindwa vitani. Halafu akaona kwamba vipele vilikuwa pale alipogusa tu. Mkono mmoja ulikuwa navyo, wa pili ulikuwa safi. Alikaa na jambo hilo, hakutaka kulifuata mpaka mwisho. Alingoja vikauke. Vilipokauka, alichukua tone moja akalipaka pajani, mahali ambapo hapajawahi kuugua, akachora duara dogo. Duara lile lile likavimba.

Alijua basi kwamba hakuwahi kuwa na ukoma. Ngozi yake iliyakataa mafuta ya mawaridi. Alipona kwa kuacha kujipaka, na maji ya hongo hayakuwa na sehemu yoyote. Matimbwa, aliyeijua risasi kuliko mtu yeyote Ifakara, aliacha kuamini macho yake kwa ajili ya mkono wa Kandida, akawapandisha na wenzake mlimani.

Alikwenda ukingoni akakirusha kichupa mtoni. Hata kusikia kikidondoka hakusikia.

Kumwambia mama yake Matimbwa kulimchukua muda. Njaa ilikuwa imeshaingia. Watu walikuwa wanachimba mizizi ya porini, ile yenye sumu inayotakiwa kulowekwa na kuchemshwa mara nyingi, na wengine waliokosa subira walikufa kwayo. Walikuwa wamechuchumaa wawili kwenye shimo moja, wanachimba, Kandida akaanza kusema. Alisema yote bila kuacha. Alionyesha paja lake.

Mama yake Matimbwa aliweka kijiti chake chini. Kandida alimngoja ampige. Alitamani ampige.

“Kwa hiyo mwanangu ndiye aliyeyaleta hayo mafuta,” alisema yule mama.

“Ndiyo, mama.”

“Nami nikakufukuza.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ukamwambia aende.”

“Nilimwambia aende.”

Alikaa akiangalia udongo. “Nani mwingine anajua?”

“Mimi na wewe.”

“Lyoto alipoteza kaka zake wote kule,” alisema. “Mama yao bado yu hai. Usimwambie. Anasema wanawe walivunja sharti moja, ndiyo maana. Muache na hilo.” Akaokota kijiti chake, akaendelea kuchimba, na Kandida naye akachimba.

Mvua zilikuja lakini hapakuwa na mbegu. Mama yake Matimbwa alianza kuvimba miguu. Alichokipata alikisogeza upande wa Kandida, na Kandida akakirudisha, wakawa wanabishana juu ya kipande cha mzizi kama watoto. Mwisho hakuweza kuinuka. Kandida alimjengea kivuli cha matete, akawa anamwogesha na kumgeuza.

Mchana mmoja yule mama alimwita asogee karibu.

“Alipokuwa anakuja kule kibandani,” alisema, “nilikuwa naona anavyoondoka. Nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba namtazama. Mlikuwa mnazungumza nini?”

Kandida hakuelewa kwanza. “Mambo ya kawaida tu, mama.”

“Niambie.”

Basi Kandida akamweleza. Alimweleza kuhusu bahari, jinsi Matimbwa alivyoionja mara tatu kwa sababu mara ya kwanza alidhani kuna mtu amemwaga chumvi. Alimweleza kuhusu mwanamke aliyemvusha na mbuzi wake, mbuzi akaruka mtoni, mwanamke akamrukia, na Matimbwa akawatoa wote wawili kwa kuwashika masikio. Alimweleza jina alilotaka kumpa mtoto wa kwanza akiwa wa kike, ambalo lilikuwa jina la huyo huyo mama. Yule mama alisikiliza amefumba macho. Ilipoonekana amelala Kandida alinyamaza, naye akafumbua jicho akasema, “Endelea.”

Aliendelea siku ile na siku zilizofuata. Aliyoyakumbuka yalipokwisha, akaanza kumsimulia hata vimya vyao, siku waliyokaa bila kusema kitu, ndege walikuwa wangapi, jua lilikuwa wapi. Mama yake Matimbwa alikufa kabla ya mahindi mabichi ya mwaka uliofuata. Kandida na baba yake walimzika kwenye ardhi ya juu, mahali ambapo mafuriko hayafiki, na Kandida akakaa pale siku nzima akipalilia nyasi ambazo zilikuwa bado hazijaota.